Majibu Yangu Yalikuwa Kwenye Simu ya Yaya

Nina miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi Lusaka na mume wangu. Kwetu ni Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Kasha, kule Bagira. Niiteni Nabintu. Nimesikia watu wengi wakisema corona iliwachukulia mzazi. Mimi corona haikunichukulia baba... Aliyenichukulia ni mtu wa tumbo moja na mimi!

Msinihukumu haraka, wasomaji wenzangu. Au nihukumuni tu, maana mimi mwenyewe nimeshajihukumu.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa. Aliyenilea ni yaya Faida. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na huyu wangu alilistahili jina hilo kweli kweli. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenieleza mambo ya kike nilipovunja ungo, ndiye aliyenificha nyuma ya mgongo wake papa, yaani baba yetu, alipokasirika. Tulizaliwa wawili tu. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mimi.

Yaya aliwahi kuwa na mchumba, kijana wa Mwenga mchimba dhahabu. Papa alimkataa. Alisema hatampa binti yake mtu anayeshinda shimoni kama panya. Yaya alilia wiki nzima, kisha akanyamaza, akabaki nyumbani kumtunza mzee. Hakuolewa kamwe. Mimi nilikuwa bado msichana mdogo, nikaona jambo limekwisha.

Zamu yangu ilipofika, mimi sikunyamaza! Nilimpenda Hamisi, mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira. Papa alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele kila Jumapili. Alikataa katakata. Hata ng'ombe wa mahari alikataa kuwaona. Aliniambia nikipita ule mlango nisimwite baba tena.

Nikapita mlango...

Miaka kumi na miwili, ndugu zangu! Nilizaa, nikanenepa, nikapata mvi za kwanza, papa hajaniona. Habari zake zote nilizipata kwa yaya. Nikituma dawa, zinapitia kwa yaya. Nikituma salamu, zinapitia kwa yaya. Papa hakuwa na simu, na mimi kusema kweli hali hiyo ilinifaa. Ilikuwa rahisi kumwogopa baba kutoka mbali.

Kisha corona ikaingia duniani. Mipaka ikafungwa, watu wakakaa kila mmoja kwake. Mipaka ilipoanza kufunguliwa kidogo kidogo, yaya akanipigia simu, sauti yake ya kawaida tu, akasema papa anataka kuongea nami. Baadaye nilikuja kujua kwamba tonton Bahati, mdogo wake papa, ndiye aliyekaa hapo pembeni na kumwambia apige.

Nilisikia pumzi kwanza, nzito, inakwaruza. Kisha sauti niliyoikosa miaka kumi na miwili.

"Nabintu, miye nimezeeka. Kifua inanimaliza. Sitaki kufa nikiwa na hasira yako. Rudia, nikubariki wewe na bale batoto."

Nililia hadi Hamisi akakimbia kutoka uani akidhani kuna msiba.

Labda wengine hamjui uzito wa maneno hayo. Katika ukoo wetu, mzee akitaka kumbariki mtoto, anachukua funda la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, halafu anampulizia kichwani na usoni huku akimtaja jina. Pombe na mate ya mzazi, vyote pamoja. Mtu ambaye hakupuliziwa na baba yake kabla baba hajafa, huyo hutembea na deni la rohoni. Mtoto akiugua, unawaza hilo. Biashara ikianguka, unawaza hilo. Unaweza kusoma, ukaenda Ulaya, bado utawaza hilo tu!

Hamisi alinitia moyo, akasema atabaki na watoto. Nikafunga safari peke yangu.

Mnaikumbuka safari ya siku zile? Nilipimwa kabla ya kupanda ndege. Nilipimwa tena Kigali. Kila mahali kijiti puani mpaka machozi yanatoka, kila mahali karatasi, na kila ofisi ina sheria yake iliyobadilishwa jana. Nilifika daraja la Ruzizi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, Jumatatu mchana, nimechoka hoi, barakoa imeniachia alama mashavuni. Ng'ambo ya mto niliuona mji wetu umekaa juu ya vilima vyake.

Upande wetu wakanipima tena. Mhudumu wa afya, kijana mpole mwenye miwani, akanieleza kwamba nitakaa karantini ndani ya nyumba, sitatoka wala kupokea wageni mpaka majibu yatoke, kama siku mbili hivi. Yakiwa mazuri watanipigia simu, niwe huru. Yakiwa mabaya ni siku kumi na nne.

Akaniuliza namba ya simu.

Namba yangu ilikuwa ya Zambia. Tangu nishuke ndege ilikuwa imekufa, haishiki mtandao wowote. Yaya alikuwa amesimama ng'ambo ya kamba, amekuja kunipokea, ananipungia mkono. Akasikia swali. Akapaza sauti:

"Weka yangu tu, Nabintu! Miye niko hapa siku yote, simu haizimike."

Nani angefikiri mara mbili? Kwetu nani hajawahi kuandika namba ya kaka, ya shangazi, ya jirani, kwenye karatasi za serikali? Tunafanya hivyo kila siku. Nikamtajia yule kijana namba ya yaya Faida. Kwa mkono wangu mwenyewe nikatia sahihi chini yake!

Yaya alikuwa amenitafutia pa kukaa, chumba cha nyuma kwa Mama Solange, rafiki yake wa kanisani, huko Nyalukemba. Nilimwambia ningependa kukaa karantini nyumbani, Kasha, angalau nimwone papa dirishani. Akanikazia macho.

"Weye unatoka mu ndege. Papa iko na kifua ya kufa. Akikutemea mate na weye uko na ile ugonjwa, utamuua. Unataka akubariki ao umuzike?"

Alikuwa na haki, au ndivyo nilivyoona. Baraka yetu ni ya mate, na mwaka ule mate yalikuwa kama sumu. Je, kweli ningeweza kusubiri miaka kumi na miwili halafu nikamuua baba kwa kukosa subira ya siku mbili?

Na hapa ndipo ninapotaka kuungama. Moyoni nilipata nafuu kidogo! Niliogopa kukutana na macho ya mzee. Karantini ikanipa sababu nzuri ya kuahirisha, yenye muhuri wa serikali.

Jumanne yaya alikuja, akasimama mbali uani, akaniambia papa amefurahi kusikia nimefika. Jumatano nikamwuliza kuhusu majibu. Akatikisa kichwa.

"Bado. Labo iko na kazi mingi, batu bengi banaingia."

Alhamisi, bado. Ijumaa, bado.

Nilimwomba anipe papa kwenye simu, akasema mzee amezidiwa, hawezi kuongea, akijaribu anakohoa tu. Nilimwomba aninunulie laini ya simu, akasema siku hizi wanaandikisha mwenye laini mwenyewe, akiwa na kitambulisho mkononi. Hilo lilikuwa kweli. Uongo wake wote, ndugu zangu, aliuchanganya na ukweli!

Ijumaa hiyo nilimlilia angalau niongee na Hamisi. Akaipangusa simu yake kwa dawa, akaiweka kizingitini, akarudi nyuma hatua tano. Nilikuwa na ile simu mkononi dakika kumi nzima. Niliongea na mume wangu, nikasikia sauti za watoto, nikairudisha kizingitini. Simu iliyokwisha kupokea majibu yangu! Kwa nini nisifungue nione nani amepiga? Kwa sababu ilikuwa simu ya yaya wangu. Simu ya dada yako unaipekua kwa nini?

Na mlango wangu haukuwa na kufuli. Geti la Mama Solange lilifungwa kwa komeo tu. Hakuna askari, hakuna mlinzi. Nilikaa pale kwa hiari yangu, nikisali rozari, nikipiga pasi kitenge nilichomletea papa ajifunike magotini.

Jumamosi yaya hakuja. Jumapili hakuja. Mama Solange aliniwekea chakula mlangoni bila kunitazama. Nilipomwuliza yaya yuko wapi, akajibu yuko na shughuli, akaondoka haraka akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nilidhani ni moshi wa jikoni.

Jumatatu asubuhi, wiki moja kamili tangu nifike, nikasikia mtu anabisha nyumba ya pili. Nikachungulia dirishani. Alikuwa ni yule kijana wa mpakani, mwenye miwani, anamtembelea msafiri mwingine aliyetoka safari. Aliponiona akasimama, akashangaa.

"Maman, ungali humu ndani? Mbona tulipigaka simu mercredi! Uko négatif. Toka mercredi uko huru!"

Nikamwuliza aliongea na nani.

"Na yaya yako. Alisema asante sana, atakuambia palepale."

Jumatano... Nakumbuka nilishika nondo za dirisha, na yule kijana akiniuliza kama naumwa. Hata hapo, mtaamini? Hata hapo nilikuwa bado namtafutia yaya udhuru! Nilijiambia labda amesahau, labda hakusikia vizuri.

Nikatoka na kandambili miguuni. Nikasimamisha pikipiki, nikamwambia dereva Kasha, akimbie. Nilipita katikati ya mji wangu nisiouona miaka kumi na miwili, na sikuuona siku ile pia.

Pale kwetu niliona kwanza turubai la bluu limetandwa uani. Kisha viti. Kisha ndoo ya maji yenye bomba getini, na watu wamepanga mstari wananawa mikono. Nikadhani wananawa kwa ajili ya corona. Nilipokaribia nikaona maji yanayodondoka ni mekundu kwa udongo.

Walikuwa wanatoka makaburini.

Papa alikufa Jumapili alfajiri. Siku zile hawakuruhusu maiti kukaa, wala watu kujaa, wakamzika kesho yake asubuhi. Nilichelewa saa moja, au labda chini ya hapo!

Nilipiga ukelele nikaanguka pale getini. Na mnajua nini kiliniumiza kuliko yote? Hakuna aliyekuja kuniinua. Hata mmoja! Watu wa kwetu, majirani walionibeba mgongoni nikiwa mtoto, walinitazama tu na barakoa zao. Nilidhani wananiogopa kwa sababu ya ugonjwa. Kumbe walinichukia.

Tonton Bahati ndiye aliyekuja kusimama mbele yangu. Hakunipa mkono.

"Umekuja kulia kaburi," alisema. "Papa yako alikungoja akiwa muzima, ukamuogopa."

Sikuelewa. Nikamwomba anieleze, na alinieleza kwa hasira.

Jumatano asubuhi, papa aliomba anyolewe. Tonton mwenyewe alimnyoa. Wakamvika koti lake la kanisani, wakamkalisha sebuleni, uso mlangoni. Kibuyu cha kasiksi kikawekwa miguuni pake. Yaya alikuwa amewaambia kwamba nitapata majibu siku ile. Wakasubiri mpaka mchana. Simu ya yaya ikalia, akatoka nje kuongea, akarudi. Papa akauliza, "Ni yeye?" Yaya akajibu kwamba majibu ni mazuri, lakini Nabintu anasema ana watoto wadogo, anaogopa kuingia nyumba yenye mgonjwa wa kifua. Kwamba atawaza kwanza.

Alhamisi papa akaomba avikwe koti tena. Akakaa. Ijumaa akaomba tena, ingawa ilibidi wamshike mabega ili asianguke. Tonton alisema mara tatu ataenda mwenyewe Nyalukemba kunileta kwa fimbo, na mara tatu papa alimkataza. Alisema mtoto haletwi kwa nguvu kupokea baraka.

Jumamosi papa aliwaambia watoe kibuyu, wawape wanaofanya kazi shambani.

Ndugu zangu... Baba yangu alikufa akiamini kwamba nilikuwa ng'ambo ya mji, mzima wa afya, na sikutaka kuja!

Nilimtafuta yaya. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe ya watu wa matanga. Watu walinifuata, nadhani waliogopa nitamrukia. Nilimwuliza mbele ya wote kama yule kijana alimpigia simu Jumatano.

Nilitaka akatae! Nilitaka adanganye mara moja tu zaidi, ili nipate mahali pa kujificha. Lakini yaya Faida hakukataa. Hakuinua hata macho kutoka kwenye sinia.

"Alinipigia," alisema.

Tonton akajishika kichwa.

Nikamwuliza kwa nini. Hilo tu, kwa nini? Akaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, kisha akasema polepole, bila machozi, kama mtu anayesoma tangazo:

"Papa alikataa wangu, nikamusikiliza. Alikataa wako, ukaenda. Ukapata bwana, ukapata batoto. Miye nikabakia kumuosha, kumulisha, kumubeba inje. Miaka yote hii hakunitemea hata mara moja. Hakuwaza hata! Sababu nilikuwaka hapa tu. Halafu weye unarudia siku moja tu, ananyolewa, anavaa koti. Koti, Nabintu!... Nilitaka tu angoje. Nilitaka ajue ile ya kungoja mutu. Sikujua atakufa."

Nilikuwa nimejiandaa kumpiga. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka wenyewe. Nilikumbuka kwamba katika miaka ile yote, kwenye simu zile zote, sikuwahi kumwuliza hata mara moja kuhusu yule kijana wa Mwenga. Nilimwuliza papa amekulaje, papa amelalaje, dawa zimefika? Yeye nilimwuliza nini?

Msinielewe vibaya! Hilo halimpi haki. Aliyeumizwa na baba angemwambia baba. Mimi alinilea kwa mkono mmoja, na kwa mkono uleule akanifungia nje ya mlango wa papa. Tena alifanya hivyo kwa sauti ya upole, kwa chakula cha moto, kwa "bado" ya kila siku. Adui asingeweza. Adui ningemwuliza maswali.

Siku ya kumaliza matanga, tonton Bahati aliita ukoo. Kwetu baba akifa, mdogo wake anaweza kubariki badala yake. Aliomba msamaha mbele ya watu kwa maneno aliyonitupia getini. Kisha akasema atanipulizia, lakini kwa sharti moja.

"Nyiye ni batoto ya tumbo moja. Siwezi kubariki moja na kuacha mwingine. Mutakaa pamoja, ao hakuna."

Nilikataa. Shangazi wakanibembeleza asubuhi nzima. Mwishowe niliwaza watoto wangu kule Lusaka, nikakubali.

Tukakalishwa kwenye mkeka, bega kwa bega. Nilisikia harufu ya mafuta yake ya nywele, ileile ya utoto wangu, na nikageuza uso. Tonton akashusha barakoa kidevuni. Watu walirudi nyuma kwa kuogopa mate, hata mkeka mwingine ukavutwa mbali, na siku nyingine ningecheka. Akachukua funda kubwa la kasiksi, akataja jina la yaya, akapuliza. Akachukua lingine, akataja jina langu.

Yaya alilia kwa sauti. Alilia kama mtu aliyeshikilia kilio miaka ishirini, akaangukia magoti ya tonton, na wanawake wakaanza vigelegele.

Mimi nilingoja. Nilifumba macho nikangoja kitu kishuke moyoni... Nilihisi tu ubaridi wa pombe inayotiririka shingoni na kuingia ndani ya blauzi. Haikuwa pumzi ya papa. Nilijifuta kwa mkono, nikasema asante.

Nilirudi Lusaka wiki iliyofuata, nikapimwa tena, nikakaa tena ndani kama walivyoagiza. Hamisi alinipokea bila kuuliza mengi, Mungu ambariki. Yaya hunitumia ujumbe siku za sikukuu. Nausoma, nautazama, sijibu. Padri ananiambia nisamehe. Nitasamehe siku nitakayoweza, leo sijaweza, na sitawadanganya ninyi wasomaji ili mkasa wangu uishe vizuri.

Ninachowaomba ni hiki. Katika mambo yanayohusu maisha yako, andika namba yako mwenyewe. Kama huna laini, rudi mwenyewe kuuliza majibu, hata wakichoka na sura yako. Usimfanye mtu yeyote, hata aliyekulea, awe masikio yako na mdomo wako kwa mzazi wako. Na ninyi mlioondoka nyumbani, mwulizeni aliyebaki analalaje yeye. Mwulizeni leo, kabla hajafikia mahali pa kuwajibu kwa vitendo.

Na kama una baba au mama mliyekosana naye, na ametuma neno uje, usitafute sheria ya kujificha nyuma yake kama mimi. Timiza zile za serikali, ndiyo, lakini simama kwenye dirisha la mzazi wako upige kelele akusikie kwamba umekuja. Siku tatu baba yangu alivaa koti lake. Na kutoka Nyalukemba hadi Kasha, kwa pikipiki, haifiki saa moja.